Watawa 180 na Kipimo cha Furaha

Tarehe 22 Septemba 1930, mama mkuu wa Masista wa Shule wa Notre Dame huko Amerika Kaskazini aliwaandikia masista wake barua yenye ombi dogo. Kila mmoja aandike historia fupi ya maisha yake, maneno 200 hadi 300, isizidi karatasi moja. Aseme alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, alisoma shule zipi, anakumbuka nini cha utotoni, na ni nini kilichomvuta utawani. Katika miaka iliyofuata wasichana wa shirika hilo waliandika kwa mkono, wengi wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu na wakijiandaa kuweka nadhiri. Wakakabidhi karatasi zao, zikawekwa kwenye mafaili, nao wakaenda kufundisha.

Haikuwa miaka ya raha. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka Oktoba 1929. Benki zilifunga milango na akiba za watu zikapotelea humo humo, viwanda vikanyamaza, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Msichana aliyeandika historia yake mwaka huo aliiandika huku nchi nzima ikihesabu senti.

Karatasi zilikaa kabatini zaidi ya nusu karne. Mwaka 1986 mtafiti wa magonjwa, David Snowdon, alianza kuwafuatilia masista wazee wa shirika hilo mjini Mankato, jimbo la Minnesota. Alitaka kujua kwa nini watu wengine huzeeka na akili zao timamu na wengine hupotelewa na kumbukumbu hadi wakamsahau ndugu wa tumbo moja. Baadaye alihamia na kazi yake Chuo Kikuu cha Kentucky, na masista 678 waliozaliwa kabla ya 1917 wakakubali kushiriki. Kukubali kwao hakukuwa kwa mdomo tu. Walipimwa kumbukumbu mwaka hadi mwaka, waliruhusu mafaili yao ya hospitali na ya utawani yafunguliwe, na walitia saini kwamba wakifa ubongo wao utolewe ukachunguzwe. Wengi walikuwa wamefundisha maisha yao yote. Mimi nauhesabu utoaji huo wa ubongo kuwa kipindi chao cha mwisho darasani.

Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1833 huko Bavaria, Ujerumani, na Karolina Gerhardinger, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1985. Lengo lake lilikuwa kuwasomesha wasichana maskini. Siku hizi masista hao wako pia Afrika, Kenya ikiwemo. Lakini kilichowafanya wajulikane kwa wanasayansi ni zile karatasi.

Kwa nini watawa? Chukua wanawake wawili wa mtaa mmoja, mmoja mchangamfu na mwingine mzito wa moyo, halafu yule mchangamfu aishi miaka mingi zaidi. Utajuaje kuwa ni uchangamfu uliomfikisha huko? Huenda alikuwa na mume mwenye mshahara, au alijifungulia hospitali nzuri, au hakuvuta moshi wa kuni jikoni miaka arobaini. Huenda uchangamfu wenyewe ulitokana na hayo. Utawani tofauti nyingi za namna hiyo zinafutika. Masista walikula chakula kinachofanana, waliishi nyumba zinazofanana, walipata matibabu yanayofanana, hawakuvuta sigara, hawakuzaa, hakuna aliyekuwa na mshahara wake mwenyewe, na wengi walifanya kazi ile ile ya ualimu. Yanayobaki kuwatofautisha ni machache, na machache hayo mtafiti anaweza kuyashika mkononi akayapima.

Deborah Danner, akishirikiana na Snowdon pamoja na Wallace Friesen, alizichukua karatasi 180 kutoka nyumba za Milwaukee na Baltimore. Wasomaji waliopewa kazi ya kuzichambua hawakuambiwa ni sista yupi bado yu hai na yupi ameshafariki. Walipita neno kwa neno katika maneno karibu 90,000, wakitafuta kila neno lenye hisia: furaha, shukrani, upendo, tumaini, huzuni, hofu, aibu. Walipata maneno 1,598 ya namna hiyo, na asilimia 84 yalikuwa ya hisia njema. Hilo halishangazi. Msichana anayemwandikia mama mkuu hawezi kujaza karatasi kwa malalamiko. Kwa hiyo wachambuzi walikuwa wakitafuta tofauti ndogo sana: kati ya aliyeandika mambo yake kwa ukavu na aliyeyaandika kwa moyo uliochangamka.

Karatasi mbili zimekuwa maarufu, na nitazieleza kwa maneno yangu. Sista wa kwanza alieleza kwamba alizaliwa mwaka 1909, kifungua mimba katika watoto saba, wasichana watano na wavulana wawili. Akaeleza kwamba mwaka wake wa maandalizi aliutumia katika nyumba mama akifundisha kemia na Kilatini. Akamalizia kwamba kwa neema ya Mungu anakusudia kujitahidi kwa ajili ya shirika, kueneza dini na kujitakatifuza. Hakuna kosa hata moja katika karatasi hiyo. Ni ya mtu mwadilifu, mwenye mpango. Sista wa pili alianza kwa kusema kwamba Mungu aliyaanza maisha yake vizuri, akamjalia neema isiyo na bei. Mwaka wake wa maandalizi aliuita wa furaha sana. Na vazi la kitawa alilokuwa karibu kulipokea alilingojea kwa shauku na furaha, kama anayekwenda kwa mpendwa wake.

Wasichana wawili, nadhiri zile zile, kitanda kilekile chembamba. Mmoja anatoa taarifa ya maisha yake, mwingine anayashukuru.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kufikia wakati huo masista 76 kati ya 180 walikuwa wamefariki. Watafiti waliwagawa masista katika mafungu manne kwa kiasi cha sentensi zenye hisia njema walizoandika ujanani. Tofauti ya umri wa kuishi kati ya fungu la juu na la chini ilikuwa karibu miaka 7. Walipohesabu aina za hisia njema alizotaja kila mmoja, tofauti ilizidi miaka 10. Karatasi moja iliyoandikwa katika umri wa miaka ishirini na kitu ilikuwa imebeba dalili ya mambo yatakayotokea miaka sitini mbele. Tafiti nyingi za afya hufurahi zikipata tofauti ya mwaka mmoja au miwili.

Hapa ndipo wahubiri wengi huchukua matokeo haya na kukimbia nayo mimbarani: mnaona, imani inarefusha maisha! Nawaomba watulie kidogo, kwa sababu utafiti huu haukusema hivyo, na ulichosema ni kizito zaidi. Masista wote 180 walikuwa waamini. Wote walikomunika, wote walisali asubuhi na jioni, wote waliacha nyumba za wazazi wao kwa ajili ya Kristo. Imani iligawiwa sawa kama chakula cha mezani. Tofauti ilikuwa ndani ya imani hiyo: namna kila mmoja alivyozoea kuyatazama maisha aliyopewa. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa kwa Mungu, akatimiza kila wajibu, na bado asijiruhusu kufurahia alichopewa. Naamini wengi wetu tumekaa benchi moja na mtu wa namna hiyo kanisani, na wengine wetu ndio sisi wenyewe.

Sasa mwili unahusikaje na furaha ya moyoni? Ukishtushwa usiku na mlango unaogongwa kwa nguvu, kabla hujafikiri chochote tezi zako zimeshamwaga adrenalini, na kotisoli hufuata baada ya dakika chache. Moyo unadunda, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu ili misuli iwe tayari kukimbia au kupigana. Ni msaada mkubwa kwa dakika kumi. Lakini ada ya shule haiishi kwa dakika kumi. Mgonjwa wa kitandani, shamba lililokauka, mume aliyesimamishwa kazi: hayo hukaa mwaka na zaidi, na mwili unaokaa mwaka mzima katika hali ya kukimbia unaumiza mishipa yake ya damu na kudhoofisha kinga yake.

Barbara Fredrickson na wenzake walilijaribu jambo hili kwa njia nyepesi, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Waliwaambia watu kwamba wana dakika moja tu ya kuandaa hotuba itakayorekodiwa kwa video na kutathminiwa na wenzao. Mioyo ikaanza kudunda. Kisha wakawaambia hotuba haitakuwepo, na kila kundi likaonyeshwa filamu fupi. Wengine walitazama mbwa mdogo akicheza, wengine mawimbi ya bahari, wengine picha isiyo na hisia yoyote, wengine mtoto anayelia. Moyo na mishipa ya waliotazama mambo ya kufurahisha na ya kutuliza vilirudi katika hali ya kawaida mapema kuliko ya wengine wote, na waliotazama huzuni ndio waliokawia zaidi. Makundi yote yalishtuka sawa. Furaha haikuwazuia kuogopa. Ilichofanya ni kufupisha muda ambao hofu ilikaa mwilini. Zidisha sekunde hizo chache kwa miaka sitini ya mishtuko ya kila siku, na utaanza kuona kwa nini masista wale walitofautiana.

Bado msomaji makini atauliza: je, si kwamba sista wa pili alizaliwa hivyo? Ni swali la haki. Tabia ya mtu kwa sehemu hurithiwa, kama vile kimo. Karatasi za watawa haziwezi kulijibu swali hilo, maana hakuna aliyewapigia kura masista kwamba wewe uwe mchangamfu na wewe usiwe. Kwa jibu tunahitaji jaribio la kura, na lipo.

Mwaka 2003 Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Michael McCullough walitoa ripoti ya majaribio matatu. Katika la kwanza, wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kila mmoja aliandika hadi mambo matano. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, la pili kero, la tatu matukio ya kawaida tu. Mwisho wa wiki 10, walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, waliitarajia wiki inayokuja kwa moyo mwepesi, na walikuwa na malalamiko machache ya maumivu ya mwili kuliko walioandika kero.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la tatu. Washiriki 65 walikuwa na magonjwa ya neva na misuli, yale yanayomnyang'anya mtu mguu, kisha mkono, kisha uwezo wa kufunga kifungo cha shati. Hawakuwa wanafunzi wanaolalamikia mitihani. Kwa siku 21 baadhi yao waliandika kila siku mambo ya kushukuru. Hao walikuwa na hisia njema zaidi, waliridhika zaidi na maisha yao, na walilala muda mrefu zaidi na kuamka wakijisikia wamepumzika kuliko wenzao. Hata wenzi wao wa ndoa, walipoulizwa kwa upande, waliiona tofauti. Ugonjwa haukuondoka. Misuli ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo, kwa kiasi fulani, jambo hili linafundishika. Na Mkristo akitazama alichokifanya Emmons atatabasamu, kwa sababu ni cha zamani. Ignasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapwa mwaka 1548, anamtaka mtu ajichunguze dhamiri kwa hatua tano, na hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuitazama dhambi, ni kumshukuru Mungu kwa mema aliyopokea. Mpangilio huo una busara kubwa. Ubongo wa binadamu huyashika mabaya haraka na kuyaachilia mema yapite. Neno moja la kukutukana utalala nalo, na masalamu ishirini ya asubuhi hiyo huyakumbuki. Ilikuwa faida kwa wazee wetu porini, maana aliyeisahau njia ya chui hakurudi nyumbani. Lakini mtu akianza kuyachunguza maisha yake kwa macho hayo, atakuta dhambi na hasara tu. Ignasi aliyalazimisha macho yaanze upande mwingine.

Na uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, ulikuwa na zoezi lake: ushuhuda. Watu waliketi duara, na mmoja mmoja akasimama kueleza Mungu amemtendea nini. Sijui namna bora ya kumfanya mkulima asiyejua kuandika afanye jaribio la Emmons.

Nimefika kwenye jambo linalonikera, na nitalisema bila kuficha. Msibani kwetu kuna sentensi inayotolewa haraka mno: kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa kwa nia njema, na aliyeisema huondoka akijua ametimiza wajibu. Nimemwona mama aliyemzika mtoto wake jana akiambiwa hivyo leo, tena na mtu mwenye Biblia kwapani. Alinyamaza, akafuta macho kwa pindo la khanga, akainuka kwenda kuangalia kama wageni wamepata chai. Hakuwa amefarijika. Alikuwa ameambiwa kwa upole kwamba muda wake wa kulia umekwisha.

Sayansi haiko upande wa msemaji yule. Mwaka 1997 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya huzuni, na baadhi wakaagizwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Lakini vipimo vya mwili vilionyesha kwamba moyo na mishipa yao vilikuwa na kazi kubwa zaidi kuliko vya wale walioachwa wahuzunike wapendavyo. Huzuni iliyozuiwa kutoka haikupungua hata kidogo.

Biblia pia haiko upande wake. Sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo, na ile ya 88 inaisha gizani bila kupata jibu. Habakuki, kabla ya kusema kwamba atamfurahia Bwana, anaorodhesha hasara moja baada ya nyingine: mtini hauna maua, mizabibu haina matunda, mashamba hayana chakula, zizi halina ng'ombe. Anazihesabu zote kwa sauti. Mkulima wa Dodoma au Kitui aliyepita katika mwaka wa ukame anaielewa orodha hiyo kuliko mhubiri anayeisoma. Shukrani ya Habakuki inakuja baada ya hesabu kamili. Paulo naye aliwaandikia Wafilipi barua iliyojaa furaha kuliko karibu zote alizoandika, na aliiandika kifungoni, akitaja minyororo yake mara kadhaa. Hakujifanya yuko likizo.

Kuna utafiti mwingine unaolikaribia jambo hili. Mapema mwaka 2001 Fredrickson na wenzake walikuwa wamewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu uimara wa nafsi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huo, waliwatafuta tena wanafunzi hao hao. Wale waliokuwa imara walikuwa na hasira, huzuni na hofu kama wengine. Lakini kando ya hisia hizo walikuwa pia na shukrani, upendo na hamu ya kuelewa, na ni uwepo wa hisia hizo njema uliowakinga na sonona. Zilikaa pamoja katika kifua kimoja. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema Mkristo achague kati ya kulia na kushukuru.

Corrie ten Boom, Mholanzi aliyefungwa na Wanazi kwa kuwaficha Wayahudi, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1971 jinsi yeye na dada yake Betsie walivyoingizwa katika bweni lililojaa viroboto kwenye kambi ya Ravensbrück mwaka 1944. Betsie alitaka wamshukuru Mungu hata kwa viroboto. Corrie aliona dada yake amekosea. Baadaye waligundua kwamba walinzi hawakupenda kuingia bweni lile kwa sababu ya wadudu hao, na kwa hiyo wafungwa waliweza kusoma Biblia na kusali bila kukamatwa. Kisa hiki hupendwa sana, na mara nyingi msimulizi huishia hapo, kwenye viroboto. Betsie alifia Ravensbrück Desemba mwaka huo. Shukrani yake haikumfungulia lango. Iliwapa wanawake wa bweni lile mahali pa kukusanyika jioni, baada ya kutwa nzima ya kazi ya kulazimishwa, na kwa waliokuwa humo hilo halikuwa jambo dogo.

Nakitaja kifo cha Betsie kwa sababu kuna mahubiri siku hizi yanayoifanya shukrani kuwa malipo ya awali: shukuru sasa, gari litakuja. Huko si kushukuru, ni kuweka oda. Na asiyepata gari ataambiwa hakushukuru vya kutosha, abebe na lawama juu ya umaskini wake. Hakuna hata mmoja kati ya masista 180 aliyeishia na gari lake.

Tuwe wakweli pia kuhusu ukubwa wa dawa hii. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens waliunganisha tafiti 27 za mazoezi ya shukrani zenye washiriki zaidi ya 3,600, wakakuta kwamba yanapunguza sonona na wasiwasi, lakini kwa kiasi kidogo. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard waliripoti juu ya wanawake 49,275 wenye wastani wa miaka 79: waliokuwa na shukrani zaidi walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 9, kwa kipindi cha miaka kama mitatu, kuliko wale wenye shukrani kidogo. Asilimia 9 ni kitu. Lakini mtu asiyelala wiki tatu, asiyekula, anayewaza kujiondoa duniani, anahitaji daktari, na kiongozi wa dini anayempenda atamsindikiza hospitali mwenyewe badala ya kumwandikia mambo matano ya kushukuru.

Kwa sisi wengine, tulio katika shida za kawaida za maisha, watafiti wametuachia maelekezo machache yanayofaa. Sonja Lyubomirsky aligundua kwamba walioandika shukrani mara moja kwa wiki walinufaika kuliko walioandika mara tatu. Walioandika mara nyingi, inaelekea, walifika mahali pa kujaza fomu tu. Jumapili moja inatosha, na Kanisa lilikuwa limeshatupangia. Emmons naye husisitiza kutaja jambo lenyewe lilivyo. Asante kwa uhai na afya ni sentensi ambayo ulimi unaisema usingizini. Lakini ukisema kwamba Jumatano jirani alimbeba mwanao kwenye mvua kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, hapo umelazimika kuliona tena koti lililolowa na mtu aliyelivaa. Na Minkyung Koo na wenzake, mwaka 2008, walionyesha kwamba mtu hufurahi zaidi akifikiri jinsi jema fulani lisivyokuwa lazima litokee, kuliko akieleza lilivyotokea. Usijiulize tu ulikutanaje na mkeo. Jiulize ingekuwaje kama siku ile ungekosa lile basi.

Zoezi lenye nguvu kuliko yote kwa muda mfupi, katika jaribio la Martin Seligman na wenzake la mwaka 2005, lilikuwa kumwandikia barua mtu ambaye hujawahi kumshukuru ipasavyo, kisha kumpelekea mwenyewe. Furaha yake ilidumu karibu mwezi. Amit Kumar na Nicholas Epley waliongeza jambo mwaka 2018: waandishi wa barua za namna hiyo hudhani mpokeaji ataona haya, kumbe wapokeaji hufurahi kupita walivyotarajiwa. Kwa hiyo mwalimu wako wa darasa la tatu, kama bado yu hai, usingojee mazishi yake ndipo usome wasifu. Mpigie.

Na katika jumuiya ndogo ndogo zetu, pale tunapokutana nyumba kwa nyumba, ningependekeza kipengele kimoja kidogo baada ya Injili kusomwa: kila mtu ataje jambo moja la wiki hiyo, la kweli, lenye mahali na siku yake. Asiye na jambo aruhusiwe kusema hana. Asikosolewe, asiambiwe Mungu hakosei, asitafutiwe sababu. Aseme kilichompata wiki hiyo, wenzake wamsikilize mpaka amalize, wasali naye, na aliye jirani apange kumpitia kesho yake. Wiki inayofuata ataulizwa tena kama wengine.